Springi Tatu za Milango ya Choo

Mimi ni mtu wa kinyaa. Sisemi hivyo kujisifu, ingawa wapo wanaojisifu kwa kinyaa chao, hasa wakishazoea mjini. Changu ni ugonjwa. Nikikuta unywele kwenye wali, siku hiyo sili tena. Nikipeana mkono na mtu mwenye kiganja chenye majimaji, mkono wangu unakaa mbali na mwili mpaka nipate maji na sabuni. Mama yangu, aliyenilea Samuye kwenye nyumba iliyopakana na zizi, alikuwa akinicheka mbele za watu. "Huyu sijui nilimwokota wapi," aliwaambia majirani. "Mtoto wa Kisukuma anayeogopa mavi ya ng'ombe!"

Mama huyohuyo, pamba ilipomkatisha tamaa, alifunga mzigo akahamia kwenye machimbo madogo upande wa Bulyanhulu, akafungua kibanda cha chakula. Ugali, maharage, dagaa, na wali siku za Jumapili. Wachimbaji, ambao kule wanaitwa wanaapolo, wanatoka chini ya ardhi na njaa isiyo na adabu, na mama anajua kuwashibisha. Kibanda hicho ndicho kilichonisomesha chuo cha ufundi. Kila nilichonacho kichwani kuhusu mitambo kimepikwa kwenye sufuria zake.

Sasa nafanya kazi kwenye karakana moja Shinyanga mjini. Tunachonga vipuri vya viwanda vya kuchambua pamba, mageti, na chochote anachokuja nacho mteja kikiwa kimevunjika. Mafundi wanashika chuma, mimi nashika kompyuta. Nachora, napiga hesabu, nachapisha. Mikono yangu inabaki safi, na sitajifanya kwamba hilo halikuwa sababu ya kuipenda kazi.

Kilichonipeleka kwenye springi ni vyoo. Pale kwenye machimbo kulikuwa na vyoo vitatu vya shimo, vimejengwa kwa matofali wakati maduara, yaani mashimo ya kuchimbia dhahabu, yalikuwa mawili tu. Maduara yakaongezeka, watu wakajaa, vyoo vikabaki vitatu. Milango yake ilikuwa viroba vilivyochanika. Mvua ikinyesha, kinachotoka chini ya ukuta wa nyuma sitakieleza. Na nzi! Nzi wakubwa, matumbo ya kijani, wazito kiasi kwamba ukiwapunga wanahama kwa uvivu, hatua mbili, kisha wanarudi. Kutoka choo cha mwisho hadi kibanda cha mama ni umbali wa watu kuitana bila kupaza sauti. Waswahili wanasema mavi ya kale hayanuki. Aliyesema hivyo hakupita kwenye yale machimbo.

Mama alipigana na nzi kwa vitambaa, kwa mifuniko, kwa moshi. Lakini watu walianza kuharisha, akaja afisa afya, mwanamke kijana mwenye buti nyeupe. Akazunguka, akaandika, akatoa mwezi mmoja. Vyoo viwe na mabomba ya hewa yenye wavu, na milango inayojifunga yenyewe, maana choo cha shimo kikiwa giza ndani, nzi hufuata mwanga wa bomba, hunaswa na wavu, na kufia hukohuko. Bila hivyo, kibanda cha chakula kilicho jirani kitafungwa.

Soma tena hapo. Vyoo ni vya mwenye maduara, adhabu ni ya mama lishe. Duara halifungwi kwa ajili ya nzi, kwa sababu duara lina dhahabu na watu wakubwa nyuma yake. Mama alikuwa na sufuria na mabenchi manne. Kuhama hakukuwezekana, kila kipande cha ardhi pale kina mwenyewe, na hicho cha kibanda alipewa na huyohuyo mwenye maduara. Niliposikia, kinyaa kilinishika, na safari hii hakikutokana na harufu.

Nilikwenda na mama kumwona mwenye maduara. Alitupokea ofisini, amekaa chini ya feni, anachokonoa meno kwa njiti ya kiberiti na kukitazama alichochokonoa kabla ya kukirudisha mdomoni.

"Vyoo vipya?" alisema. "Mama, hapa tunachimba dhahabu. Hatuchimbi mavi."

Akacheka peke yake. Mama naye akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayeomba, na mimi nikamchukia yule baba kwa kumfanya mama yangu acheke vile. Hatimaye alikubali mabomba na milango mitatu ya bati zito na fremu ya chuma, vitu ambavyo mchomeleaji wake angevimaliza kwa siku mbili. Bawaba za kujifunga zinazouzwa madukani mchomeleaji alizijaribu kwenye mlango wa kwanza. Zilikuwa dhaifu, mlango ulisimama nusu njia. Ndipo nikafungua mdomo wangu.

"Springi nitatengeneza mimi," nikasema. "Nitazipigia hesabu kwenye kompyuta. Hazitashindwa."

"Umesikia?" mama akamwambia mwenye maduara. "Binti yangu ni injinia."

Springi yenyewe ni kitu ambacho kila mtu anakijua. Chukua kibanio cha nguo, tazama kile kiwaya kilichojizungusha katikati, kikatoa miguu miwili. Ukiifinya miguu, waya unajikaza, ukiiachia, unarudi. Weka kubwa yake kwenye bawaba, mguu mmoja ukae kwenye fremu na mwingine kwenye mlango, na mlango utarudi nyumbani kila ukifunguliwa. Kazi ya mhandisi ni kujua waya uwe mnene kiasi gani, uzungushwe mara ngapi, na utasokotwa mpaka pembe gani kabla haujachoka.

Kwa hiyo ilibidi nipime. Uzito wa mlango, upana, na mlango unafunguka mpaka wapi. Nikachukua futi kamba na daftari, nikaelekea kwenye vyoo. Nilifika hatua kama ishirini hivi. Joto lilikuwa la saa saba, harufu ikanijia ikiwa na unyevu ndani yake, ikakaa kwenye ulimi. Kiroba cha mlango wa katikati kikasogezwa, akatoka mwanaapolo mmoja amejaa tope, anafunga mkanda, akanisalimia vizuri kabisa, "Habari za saa hizi, dada," na akanyoosha mkono.

Niligeuka. Nilijiambia ni vyoo vya wanaume, si adabu mwanamke kuzubaa pale. Nilijiambia mengi. Nyuma ya ofisi ya mwenye maduara kulikuwa na choo chake, cha vigae, chenye kufuli na kopo la marashi. Mlango wake ulikuwa umetengenezwa na mchomeleaji yuleyule, upana uleule na bati lilelile. Nikaomba ufunguo, nikapima pale. Ulifunguka vizuri mpaka ukagusa ukuta wa pembeni, pembe mraba, digrii tisini. Nikaandika tisini.

Mama alikuwa anakoroga ugali niliporudi.

"Umeshapima?"

"Nimeshapima."

Akanipa sahani. Sikula, nikasema nimeshiba.

Shinyanga nilikaa na programu ile kwa siku nne, na niseme ukweli, nilikuwa na furaha. Ndani ya kompyuta hakuna nzi. Unaandika kipenyo cha waya, kipenyo cha mzunguko, idadi ya mizunguko, urefu wa miguu, aina ya chuma, na springi inajichora mbele yako, ya kijivu, safi, inazunguka hewani pasipo kushikwa na mtu. Ukiibonyeza isokotwe, inapata rangi. Buluu ni salama, kijani ni sawa, nyekundu ni hatari. Waya wa milimita nne uliwaka nyekundu upande wa ndani wa mizunguko, ambako ndiko springi ya aina hii huumia. Nikaupandisha mpaka tano, ikatulia kijani. Nikakumbuka kwamba springi ikisokotwa inajibana, tundu lake linapungua, nikaiachia nafasi ili isikabe pini ya bawaba. Nikahakikisha mzunguko unaelekea upande unaofaa, ili mlango ukifunguka springi ikaze badala ya kufumuka.

Kisha nikarudia tena. Nikapunguza mzunguko mmoja, nikaongeza nusu, nikabadilisha urefu wa mguu kwa milimita tatu, nikatafuta mlango ufunge kwa mlio mpole. Wahenga walionya kuwa kuchamba kwingi mwisho ni kuondoka na mavi, lakini nani anawakumbuka wahenga akiwa mbele ya kioo kinachomwambia kila kitu ni kijani? Programu ikanipa idadi ya mara ambazo mlango ungefunguliwa na kufungwa kabla springi haijakatika. Laki moja na zaidi. Nikampigia mama kumwambia.

"Laki moja?" akauliza. "Yaani hata mimi nitaondoka nitaziacha?"

"Utaziacha, mama."

Kulikuwa na kisanduku kimoja, katikati ya vingine, kilichouliza pembe ya mwisho ya kusokotwa. Nilijaza tisini, nikapita. Programu inauliza mambo mengi na inakasirika ukiandika herufi mahali pa namba. Haikuniuliza kama nilifika kwenye mlango.

Fundi wa mashine ya kukerezea alizizungusha springi tatu, tukazipitisha kwenye tanuri, tukazipaka rangi. Zilikuwa nzuri. Nilizifunga kwenye gazeti, nikaziweka kwenye basi la kwenda Kahama na maelekezo ya mchomeleaji, pamoja na ripoti niliyoichapisha kwa rangi, ile picha ya springi ya kijani ikiwa ukurasa wa mbele. Mimi mwenyewe sikwenda. Nilisema kuna kazi nyingi.

Jioni mama alipiga simu, akaishika karibu na mlango nisikie. Mlio ukaja: paa! Kisha kelele za wanaume wanacheka, mmoja anapaza sauti, "Injinia oyee!" Mama alikuwa anacheka mpaka anakosa pumzi. "Unajifunga wenyewe, ng'wanawane! Unaufungua, unaondoka, unajifunga!" Ng'wanawane ni mwanangu, na mama akifika kwenye Kisukuma ujue furaha imemzidi. Nililala vizuri. Mwenye maduara, niliambiwa, aliibandika ripoti yangu ukutani ofisini, juu ya kalenda.

Wiki zilizofuata nilikuwa nikiuliza.

"Milango?"

"Ipo vizuri."

"Inafunga?"

"Inafungwa, mwanangu. Nzi wamepungua sana. Wewe fanya kazi."

Siku ya ukaguzi niliomba ruhusa. Nilitaka kuwepo. Nilitaka, na hili linanichefua kuliko vyote, afisa afya anione na kujua ni nani aliyezitengeneza. Nilivaa vizuri. Bodaboda alinishusha karibu na mashine za kusagia mawe, nikatembea. Nikaiona milango yangu mitatu kwa mbali, imefungwa, imenyooka. Mabomba yalikuwa juu yake. Afisa afya alikuwa amesimama na daftari kwenye kivuli cha kibanda cha jirani, ameshafika bila kumwambia mtu, kama wanavyofanya. Nikamwamkia, nikajitambulisha. Akasema amesikia habari za springi. Tukasimama pamoja tukitazama.

Mlango wa kushoto ukafunguka. Sikusema ukafunguliwa, maana hakuna mkono uliougusa. Ulipigwa teke kutoka ndani. Ulitoka kwa kishindo, ukapita digrii tisini, ukaendelea, ukazunguka mpaka ukajigonga kwenye ukuta wa nje, digrii mia na themanini, na ukakaa hapo. Haukurudi. Mwanaapolo akatoka akipangusa buti kwenye majani, akaenda zake.

Nilielewa kabla sijavuta pumzi. Pale hapakuwa na ukuta wa pembeni wa kuuzuia mlango. Na nani angeushika mpini ule? Mikono yote ya machimbo yale imetoka mle ndani, na maji hakuna. Wanaume wale, ambao mimi niliwaona ni wachafu wasioona uchafu, walikuwa na kinyaa kama changu. Wakitoka wanapiga teke. Na wanapiga kwa nguvu kusudi mlango ubaki wazi, ili anayekuja asilazimike kuushika. Ningekuwa mimi ningepiga teke vilevile. Kama ningeingia mara moja tu, ningetoka kwa teke, na ningejua. Springi niliyoipimia robo ya duara ilikuwa ikisokotwa nusu nzima, siku kutwa, mpaka ikachoka isiweze kuurudisha mlango. Kijani changu kilikuwa nyekundu tangu asubuhi ya kwanza.

Wakati nawaza hayo, mama alitoka kibandani. Hakutuona. Aliweka mwiko juu ya mfuniko wa sufuria, akavuta kanga kiunoni, akaenda moja kwa moja kwenye vyoo vya wanaume. Watu wawili waliokuwa wanasubiri wakampisha bila kushangaa, mmoja akamtania, "Mama askari wa zamu!" Naye akajibu kitu, wakacheka. Akaushika mlango kwa mkono wake wa kulia, mpini wenyewe, akausukuma mpaka ukafunga. Akaukandamiza kidogo kwa kiganja. Kisha akarudi, akanawa kwenye ndoo kwa sabuni, mikono yote miwili, kwa makini kabisa, akachukua mwiko.

Afisa afya alikuwa ameacha kuandika.

Tukaenda kibandani. Mama aliponiona uso wake uling'aa, halafu akaona aliyesimama na mimi.

"Shikamoo mama," afisa alisema.

"Marahaba mwanangu. Karibuni. Umeiona milango? Nzi wamekwisha."

"Nimeiona. Mama, unakwenda kuifunga mara ngapi kwa siku?"

Mama alinitazama mimi. Niliomba kimoyomoyo adanganye. Lakini mama hajui kumdanganya mtu wa serikali.

"Kila wakitoka," alisema. "Si kazi kubwa. Springi ni nzima, amezitengeneza binti yangu huyu kwa kompyuta. Zinataka kusaidiwa kidogo tu."

"Tangu lini?"

"Wiki ya pili."

Nilitaka kumchukia yule dada wa buti nyeupe, ingenisaidia. Hakunipa nafasi. Aliongea taratibu, akamwambia mama kwamba nzi kweli wamepungua, ameona. Lakini hawezi kuacha wazi mahali ambapo mpishi anashika milango ya choo siku nzima kisha anapakua chakula cha watu, hata kama ananawa. Mama mwenyewe angekuwa afisa, angesema vilevile, si ndivyo? Mama akasema ndivyo. Karatasi ya kukifunga kibanda ikaandikwa, ikabandikwa kwenye nguzo yake. Wanaapolo waliokuwa wanakula wakainua vichwa, wakaisoma, wakatazama sahani zao. Mmoja, yule wa utani, akaisukuma yake pembeni polepole, akanawa mikono, akaondoka. Mama alimtazama mpaka akapotea nyuma ya marundo ya kifusi.

Mwenye maduara alipita baadaye kidogo, akasoma karatasi, akatikisa kichwa. "Pole mama," alisema. "Lakini kwenye ripoti kila kitu kilikuwa sawa." Akaenda zake na njiti yake mdomoni. Kila nilichofikiria kumwambia kilinihusu mimi pia.

Tukaanza kukusanya. Mabenchi aliyanunua mchoma mishkaki palepale. Mama alimwaga maharage kwenye ndoo ili awagawie majirani, akakwangua ukoko wa ugali, akapanga sufuria moja ndani ya nyingine. Nilikuwa nikizifunga kwa kamba, yeye akishika ncha. Harufu ilikuwa palepale, na kwa mara ya kwanza niliona sina haki ya kuziba pua.

"Mama," nikasema, "mbona hukuniambia? Ningerudia hesabu. Ningekuja."

"Ungekuja kufanya nini?"

"Kupima upya."

Alikaza fundo, akalijaribu kwa kidole.

"Siku ile hukupima," alisema. Hakukasirika. Alikuwa ananieleza tu. "Ulirudi na viatu safi. Hakuna anayetoka kule na viatu safi."

Akainama, akashika upande wake wa mzigo, akanisubiri nishike wangu.